Barua kwa mwanangu: achana na kishoka na siku zake 90

Tanga

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na baba yako. Unasema shule ya uuguzi ya Ujerumani imeshakutumia mkataba wa mafunzo, ila kuna kijana wa Kariakoo anakwambia visa ya mafunzo inachelewa mno, bora uingie na Schengen ya siku 90 halafu ukifika huko "ubadilishe" iwe kibali cha kuishi. Anataka milioni nne. Unaniuliza umpe?

Usimpe, hata akishuka hadi laki nne.

Schengen ni visa ya mgeni: siku 90 ndani ya siku 180, utembee, urudi kwenu. Anayekwenda kukaa miaka mitatu akisomea kazi huomba visa ya taifa, ile yenye herufi D, na huiomba akiwa huku huku kabla ya kukanyaga ndege. Wapo wanaoruhusiwa kuingia kwanza na kuomba wakiwa kule, Wamarekani na Wajapani mathalani. Pasi ya Tanzania haimo. Ukifika na Schengen, tegemea ofisi ya wageni ikwambie urudi Dar ukaanze upya, na kijana wa Kariakoo simu hatapokea. Halafu kwenye fomu utakuwa umeandika unakwenda kutalii, na mkataba wa miaka mitatu umo mkobani. Hilo linaniudhi kuliko hela. Uongo wa fomu unabaki kwenye faili, na siku ukiomba kwa haki wataufunua.

Najua subira inachosha. Mwaka 1998, wewe hujazaliwa, nilikuwa naomba kumfuata baba yako alipokuwa anasoma kule. Lugha sikuulizwa, sharti la mwenzi wa ndoa kujua Kijerumani kidogo lilikuja 2007. Kilichonikwamisha ni babu yako. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandika jina lake Athumani, pasi ikaandika Othman. Mimi na wewe tunajua ni mtu mmoja, ukiita lolote kati ya hayo pale Ngamiani anageuka. Yule mama wa dirishani aliweka karatasi mbili sambamba, akapitisha kalamu chini ya jina moja, kisha la pili, akanirudishia bahasha bila neno. Nikaenda kula kiapo, nikabadilishiwa cheti, nikapanga foleni tena. Miezi minne ikapita, na baba yako kule anapika wali mmoja anaula siku tatu.

Kwa hiyo kabla hujajaza kitu chochote, tandaza karatasi zako zote kitandani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa, pasi. Soma majina herufi kwa herufi, na tarehe pia. Penye tofauti, anzia RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, na ukiwa huko omba wakihakiki hicho cheti. Ndipo upeleke kwa mfasiri wa Kijerumani. Ukianza na mfasiri utalipa mara mbili.

Maombi yenyewe siku hizi unayaanzia kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya serikali yao, unapakia karatasi, halafu unaitwa ubalozini kwao Dar, pale Umoja House, kwa miadi na alama za vidole. Ada ya visa ni yuro 75. Miadi haiuzwi. Anayekuuzia miadi anakuingiza mjini, na wewe mjini umezaliwa!

Kuhusu kuchelewa, kuna jambo kishoka wako hakukwambia, maana yeye halimpi kitu. Mwajiri, kwako ni hao wa shule waliokupa mkataba, anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwenye ofisi ya wageni ya huko kwao. Wewe unamwandikia hati ya kumpa idhini, ada yake ni yuro 411, na ofisi ikishakubali, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu, na kwa kawaida majibu ndani ya wiki tatu nyingine baada ya kupeleka maombi kamili. Waandikie hao wa shule leo, kwa adabu, uwaulize kama wako tayari. Wana shida ya wauguzi kuliko wewe ulivyo na shida ya Ujerumani.

Zile yuro 11,904 za mwaka ambazo wanafunzi wa chuo kikuu hutakiwa kufungia benki zisikutishe. Wewe una posho kwenye mkataba, ikitosha, imetosha. Cheti chako cha Kijerumani cha B1 unacho, kiambatanishe.

Barua ya kueleza kwa nini unakwenda, usinakili mtandaoni. Nimeziona hizo, zote zinaanza na "tangu utotoni niliota". Wewe umemgeuza bibi kitandani miezi minane, ukamsafisha kidonda cha mgongo mpaka kikafunga. Andika hilo, na maji ya chumvi uliyokuwa unachemsha alfajiri.

Karatasi ziandae vizuri mara ya kwanza, mama. Zamani ukikataliwa uliandika barua ya malalamiko, ubalozi ukaangalia upya bila malipo. Tangu Julai 1, 2025 njia hiyo wameifuta. Imebaki kuomba upya kwa ada mpya au kwenda mahakamani Berlin, na sisi Berlin hatuna hata shangazi.

Ukifika, usijisahau kwa sababu visa imo kwenye pasi. Ile D ni ya kuingilia, ina mwisho wake. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye chumba chako ujiandikishe manispaa, na mwenye nyumba akupe karatasi ya kuthibitisha unakaa kwake; dai karatasi hiyo siku ile ile ya funguo. Kisha uombe kadi ya ukaazi kabla visa haijaisha. Ukiwahi kuomba, hata wakichelewa kukupa unahesabika uko kihalali. Mimi niliamka saa kumi alfajiri mwezi wa pili, nimevaa kanga mbili ndani ya koti, kupanga foleni ya ofisi ya wageni, na nikakuta watu kumi na saba mbele yangu.

Baba yako anasema kama kijana ameshachukua picha ya pasi yako, umwandikie leo leo kwamba hujamtuma kuomba chochote kwa jina lako, na ujumbe huo uutunze.

Ijumaa ukija, beba cheti chako cha kuzaliwa chenyewe, siyo kivuli. Hilo jina la babu linanitia wasiwasi, nahisi kwako waliandika Athman, bila u.

Mama yako