Umeme ukikatika wiki nzima, insulini ya mama nitaihifadhi vipi?

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Naishi Unguja na watoto watatu na mama yangu mwenye kisukari, anadunga insulini. Tuna friji moja, na maji tunavuta kwa pampu. Kiza cha 2008, umeme ulipokatika kisiwani, sijakisahau, nataka kujiandaa mapema. Jirani ananiambia ninunue jenereta, kisha niiunganishe kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye pini pande zote mbili, nyumba nzima iwake. Nifanye hivyo?

JIBU: Waaleykum salaam dada. Nianze na huo waya: usiutumie hata siku moja. Jenereta ikiwa inawaka, pini ikichomoka ukutani inabaki na volti 230 kwenye chuma kitupu, na wewe una watoto. Halafu usipozima meni swichi, umeme wako unatoka nje mpaka kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hiyo inayokushushia umeme, ukiuingiza kwa nyuma inaupandisha ukafika maelfu ya volti, wakati fundi aliye juu ya nguzo anajua laini imezimwa. Mteja mmoja aliwahi kuniletea waya wa namna hiyo, plastiki ya pini imeyeyuka na kuganda kama ubani, akitaka nimbadilishie pini tu. Nilikataa. Jenereta huungwa nyumbani kwa swichi ya kubadilishia, ile tunayoiita chenjiova, ambayo haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. La sivyo, chomeka friji moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nene. Na jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi hiyo hiyo.

Lakini kwako nisingeanza na jenereta. Kile kiza kilianza Mei 21 na kuisha Juni 18, 2008. Kingine kilitukuta Desemba 2009, umeme ukarudi Machi 2010. Nani atanunua petroli kila siku kwa muda wote huo? Ule waya wa chini ya bahari wa megawati 100 uliozinduliwa 2013 umetusaidia sana, ila bado tunategemea umeme wa bara. Kwa hiyo anza na vitu visivyoweza kusimama: dawa ya mama na maji.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka nyuzi 2 hadi 8. Iliyokwisha kuanza kutumika, aina nyingi hukaa nje ya friji wiki nne hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30 (nyingine 25, soma karatasi ya dawa au muulize mfamasia). Tabu ni kwamba wakati wa kaskazi chumba kinapita 30. Leo hii jaza friza chupa za maji zigande. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo, maana ikiwa imefungwa hushika baridi saa nne hivi, na friza iliyojaa hufika hata siku mbili. Baadaye hamishia chupa za barafu kwenye deli, na dawa uitie ndani ya kikopo kikavu kilichozungushiwa taulo. Isigusane na barafu, kwa sababu insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Barafu ikiisha, kuna mtungi wa udongo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowana, uwekwe kivulini penye upepo. Kwa unyevu wa pwani yetu hautafika baridi ya friji, ila unapunguza makali ya joto kwa chupa ya insulini inayotumika.

Sasa betri. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 (wati-saa ni wati za kifaa mara saa kinazowaka). Ikiwa ni ya risasi na asidi, tumia nusu tu, yaani 600, ukitaka idumu. Taa nne za wati 7 kwa saa tano ni 140. Simu tatu, 45. Feni ya wati 50 kwa saa saba, 350. Jumla 535, betri imekwisha. Friji peke yake kwenye joto letu hula kama 1,000 kwa siku, kwa hiyo anayekuuzia betri moja akisema itaendesha na friji usimsikilize. Kwa hesabu hii ya taa na feni, paneli ya wati 200 itairudishia betri chaji kwa siku yenye jua zuri. Ukitaka na friji, zidisha betri na paneli mara tatu, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) iwe ya wimbi safi, wati 1,000 kwenda juu, kwa sababu kompresa inapowaka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Maji yasingoje. Mwaka 2008 mabomba yalikauka kwa kuwa pampu hazikuwa na umeme. Mko watano; kwa ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu, tangi la lita 1,000 ni siku kumi. Lijaze wakati umeme upo, si siku ya tangazo.

Umeme ukikatika, chomoa friji na tivii, uache taa moja imewashwa. Ikiwaka, ngoja robo saa umeme utulie, ndipo urudishe friji.