Maswali ya Wasomaji: Je, kutaja jina la mpiga picha kunatosha?

SWALI: Mhariri, ninamtengenezea mjomba wangu video ya dakika 3 ya kutangaza mashua zake zinazobeba watalii kutoka ufuo wa Dunga. Nimepata mtandaoni picha ya viboko na wimbo wa gitaa, vyote vikiwa na alama ya Creative Commons. Rafiki yangu anasema nikiandika majina ya wenyewe mwishoni, nimemaliza. Je, ni kweli? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Rafiki yako amekuambia nusu ya maneno. Creative Commons, shirika lililotoa leseni zake za kwanza mwaka 2002, leo lina leseni sita, yaani ruhusa za kutumia kazi ya mtu kwa masharti, na herufi BY, zinazodai mwenye kazi atajwe, zimo katika zote. Yanayokuhusu zaidi ni yale yanayofuata baada ya herufi hizo.

Ukiona NC, kazi hiyo hairuhusiwi katika shughuli za kibiashara. Usijitetee kwamba wewe binafsi hulipwi hata shilingi, kwa kuwa kinachotazamwa ni matumizi yenyewe, na video ya kumtafutia mjomba wateja ni biashara. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na hapa ndipo wengi hujikwaa kwa upande wa muziki: leseni hizi huhesabu kwamba kuupanga wimbo uende sambamba na picha zinazotembea ni kuubadilisha, hata kama hukukata sekunde moja. Kwa hiyo wimbo wenye ND uache kabisa. Ukiwa na SA unaweza kuutumia, lakini itabidi video nzima uitoe chini ya leseni iyo hiyo, na washindani wa mjomba wataweza kuichukua na kuikarabati wapendavyo. Muulize kwanza kama yuko radhi. Kwa kazi yako ningetafuta wimbo wenye BY peke yake, au wenye CC0, alama iliyo nje ya zile leseni sita, ambayo kwayo mtunzi ameachilia haki zake zote na hadai hata kutajwa.

Pa kutafutia hapakosi. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha na sauti, haipokei faili ambazo leseni yake inakataza biashara au mabadiliko, jambo linalokupunguzia kazi, nayo Openverse hutafuta picha na sauti pamoja na kukuwezesha kuchuja kwa aina ya leseni. Hata hivyo, fuata kiungo mpaka ukurasa wa mwenyewe. Mimi niliwahi kuchukua picha ya heroe wa Ziwa Nakuru kwa ajili ya kalenda, kutoka tovuti iliyoibandika alama ya leseni huru, kumbe aliyeipandisha hapo hakuwa mpiga picha wala hakuwa na ruhusa yake. Kalenda zilikuwa zimeshachapishwa. Mtu hawezi kugawa haki asiyokuwa nayo, na picha isiyo na alama yoyote bado inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001.

Sasa hayo majina. Katika maelezo yaliyo chini ya video andika, kwa mfano: «Viboko», picha ya fulani, kutoka Wikimedia Commons, leseni CC BY 4.0, imepunguzwa pembeni. Kisha weka kiungo cha picha na cha leseni. Maneno «imepunguzwa pembeni» yana uzito wake, kwa sababu leseni inataka mabadiliko yatajwe. Ukigundua umesahau kitu, toleo la 4.0 linakurudishia haki zako iwapo utarekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua. Matoleo ya awali hayana huruma hiyo, basi angalia namba pia.

Jambo la mwisho ni kuhusu watu. Leseni ni ruhusa ya mpiga picha, si ya mvuvi anayeonekana akivuta wavu. Kama uso wake unatambulika nawe unamtia katika tangazo, mtafute umwombe idhini, au uchague picha ya viboko peke yao.