Lailaki yenye majani tele na maua haba

SWALI: Mtaalamu, tunaishi Rochester, New York. Nyuma ya nyumba tuliyonunua kuna kichaka kikubwa cha lailaki kilichokwisha kupita kimo cha banda la gari. Majani yake ni mazuri, lakini kila Mei tunapata vishada vichache tu vya maua, tena juu kabisa, tusikoweza hata kuvinusa. Mume wangu hukipogoa kila Oktoba ili uwanja uwe safi kabla ya theluji, na nyasi zinazokizunguka tunaziwekea mbolea. Jirani anatushauri tumwage chokaa. Tufanye nini? Na je, naweza kumpelekea mama yangu Arusha chipukizi lake?

JIBU: Dada yangu, kwa maelezo yako kichaka hicho kina afya nzuri, na sababu kubwa ya uhaba wa maua ni ule upogoaji wa Oktoba. Lailaki ya kawaida, Syringa vulgaris, huchanua kwenye vijiti vilivyokua mwaka uliotangulia. Maua ya Mei yakishanyauka, mmea hutoa vijiti vipya, na kabla majira ya joto hayajaisha, ncha za vijiti hivyo huwa zimekwisha kubeba matumba yatakayofunguka Mei inayofuata. Anayepogoa Oktoba, hata akipunguza ncha tu, huondoa maua ya mwaka mzima, na yanayosalia ni yale ya juu ambako mkasi haukufika.

Oktoba ikifika, kabla mkasi haujaguswa, vuta tawi moja ulitazame kwa karibu. Kwenye ncha utaona matumba mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, manene na ya mviringo, yenye magamba ya kijani yanayoelekea wekundu, ilhali yale ya chini zaidi ni membamba na yatatoa majani tu. Pasua tumba moja nene kwa ukucha, nawe utakuta ndani yake vijipira vidogo vilivyosongamana kama punje za ulezi. Hicho ni kishada kizima cha maua kikisubiri baridi ipite. Mwonyeshe na mume wako, kwa kuwa akikiona kwa macho yake hatahitaji kukatazwa.

Wakati unaofaa kupogoa ni mara tu maua yanaponyauka, yaani mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, ili mmea upate muda wa kuotesha vijiti vipya na kuviwekea matumba. Hata hivyo, kwa kichaka kirefu kama chenu, kupunguza ncha hakutasaidia, kwa sababu maua yataendelea kupanda juu. Kinachotakiwa ni kukifanya upya polepole: mwaka wa kwanza chagueni theluthi moja ya mashina, yale mazee na manene kuliko yote, myakate kwa msumeno karibu kabisa na ardhi, mwaka wa pili mkate nusu ya mashina mazee yaliyobaki, na mwaka wa tatu mmalizie. Machipukizi yanayotoka shinani msiyafyeke yote. Bakizeni machache yenye nguvu yaliyoachana vizuri, maana hayo ndiyo yatakayochukua nafasi ya mashina mazee. Wapo wanaokata kichaka chote kwa mara moja hadi sentimita 30 kutoka ardhini, na kwa kawaida mmea huchipua tena, lakini watu hao hukaa miaka kadhaa bila ua hata moja. Mimi sioni haja ya kuvumilia hivyo.

Mbolea ya nyasi ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni huhimiza majani kuliko maua. Acheni nafasi ya kutosha kuzunguka kichaka bila kuitia, na badala yake tandazeni mboji kiasi kila majira ya kuchipua, bila kuirundika kwenye mashina. Kuhusu chokaa, jirani yenu ana nia njema, kwani ni kweli lailaki haipendi udongo wenye tindikali nyingi na hustawi pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ikiwa kati ya 6.5 na 7 hivi. Lakini chokaa haifai kumwagwa kwa kukisia. Pelekeni sampuli ya udongo kwenye ofisi ya Cornell Cooperative Extension, huduma ya ushauri wa kilimo ya Chuo Kikuu cha Cornell, iliyo karibu nanyi, na kama pH tayari iko hapo, chokaa haitaongeza chochote. Angalieni jua pia: lailaki inahitaji angalau saa sita za jua kamili kwa siku, na kama kuna mti uliokua ukaifunika, mpunguze mti huo kwanza.

Ukiona unga mweupe juu ya majani ifikapo Agosti, ni ukungu unaochafua sura ya mmea bila kuuua, na hewa itakayopita baada ya kuondoa mashina mazee itaupunguza. Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni matundu kwenye mashina manene pamoja na vumbi la mbao chini yake, kwa kuwa hiyo ni kazi ya viwavi wanaotoboa, na shina la namna hiyo likatwe chini ya matundu hayo.

Mnaishi mahali penye bahati. Katika bustani ya umma ya Highland Park, hapo hapo Rochester, mtaalamu wa bustani John Dunbar alianza kupanda lailaki mwaka 1892, na leo kuna aina zaidi ya 500. Nendeni Mei mkatazame jinsi vichaka vizee vinavyotunzwa.

Kuhusu Arusha, nakushauri usipeleke. Asili ya lailaki ni milima ya Balkani, na ili matumba yake yafunguke vizuri inahitaji wiki nyingi za baridi kali mfululizo, baridi ambayo Arusha haina. Hata chipukizi likishika, mama ataishia kupata majani. Isitoshe, mmea hai hauwezi kuingizwa Tanzania bila kibali na cheti cha afya ya mimea. Mnunulie huko huko mche wa asmini, ile ile inayotungwa vikuba Mombasa na Unguja, ambayo ni ya familia moja na lailaki na ina harufu isiyopungua uzuri. Kwa kuwa Arusha ni baridi kuliko pwani, aipande kando ya ukuta unaopigwa na jua la mchana.