Unene wa sponji pekee hautoshi chini ya nyasi bandia
Je, kuweka sponji nene zaidi chini ya nyasi bandia ya uwanja wa michezo wa watoto kunatosha kumkinga mtoto anayeanguka? Hapana, kuongeza unene wa sponji hakutoshi, kwa sababu sponji laini mno hubonyea hadi mwisho mtoto anapoanguka, na kichwa chake hupokea pigo linalokaribia lile la zege iliyo chini. Kinachopimwa ni kimo cha juu kabisa cha kuanguka ambacho hakifanyi kiashiria cha jeraha la kichwa (namba inayoonyesha ukali wa pigo kichwani) kizidi 1000, na kikomo hicho cha 1000 kimewekwa katika viwango vya usalama vya EN 1177 vya Ulaya na ASTM F1292 vya Marekani. Kimo hicho kisiwe chini ya kimo cha bembea au ngazi iliyopo. Sponji yenyewe isinyonye maji, na uwanja upimwe tena baada ya muda, maana sponji inayokanyagwa kila siku hupoteza mnyumbuko wake.