Selimundu: A imegeuka T, au T imegeuka A?

SWALI: Kitabu chetu cha baiolojia kinasema selimundu hutokana na A kugeuka T kwenye jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini ya damu. Mwanafunzi wangu ameitafuta kwenye hifadhidata ya jenomu, akakuta T imegeuka A. Nani kakosea?
Mwalimu wa sekondari, Tanga

JIBU: Hakuna aliyekosea, mwalimu. Kila mmoja amesoma uzi wake.

Kila uzi wa DNA una ncha mbili, ziitwazo 5′ na 3′. Nyuzi mbili hulala kinyume: penye ncha ya 5′ ya mmoja ndipo ilipo ncha ya 3′ ya mwenzake, besi A ikishikana na T, na G na C. Jeni inaponakiliwa kuwa RNA, kimeng'enya cha RNA polimerasi hufungua jozi kumi na kitu za besi na kusoma uzi mmoja tu, uzi kiolezo, kutoka 3′ kwenda 5′. RNA hurefuka upande wa 3′ pekee. Uzi usiosomwa huitwa uzi msimbo, maana herufi zake ni zilezile za RNA, ila penye T RNA huweka U.

Uzi wa kusomwa huamuliwa na promota ya jeni husika (kipande cha DNA ambapo unakili huanzia), si na kromosomu nzima. Hapa ndipo wengi hupotea: jeni mbili jirani zinaweza kutumia nyuzi tofauti. Hifadhidata nayo huandika uzi mmoja tu kwa kila kromosomu. Kwenye kromosomu ya 11, uzi ulioandikwa ndio kiolezo cha beta-globini.

Chukua kipande chenyewe. Uzi msimbo, kuanzia 5′, ni CCT GAG GAG. Kiolezo, nacho kikianzia 5′, ni CTC CTC AGG. RNA ni CCU GAG GAG, kila herufi tatu zikitaja asidi amino moja ya protini: prolini, glutamati, glutamati. Katika selimundu GAG ya kwanza huwa GTG, na papo hapo CTC ya katikati kwenye kiolezo huwa CAC. RNA hupata GUG, na valini hukaa mahali pa glutamati.

Mwanafunzi akipewa CTC CTC AGG, aanzie kulia: G apate C, G apate C, A apate U. Akianzia kushoto ataandika GAG GAG UCC, na serini itaingia isikotakiwa. Tafadhali usimpime kwa CTC peke yake: hata ikisomwa kinyume hutoa GAG ileile, na kosa halitaonekana.