Windows 10 imefikia mwisho: nilazimishe 11 au nihamie Linux?

Swali: Kaka, nina steshenari ndogo Mabibo, jirani na hosteli za chuo. Natumia laptopu mbili za mtumba nilizonunua Kariakoo, HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E6440, zote Windows 10. Zinaniambia haziwezi kupanda kwenda Windows 11. Fundi mmoja anataka aniwekee 11 ya kulazimisha, mwingine anasema nihamie Linux, ni bure na haina virusi. Kazi zangu ni kuprinti ripoti za wanafunzi, kadi za harusi kwa Publisher, picha za pasipoti kwa Photoshop, na kujaza maombi ya watu mtandaoni. Flashi za wateja zinaniletea virusi kila mara, na Dell imekuwa nzito mno. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, nianze na ujumbe huo, maana ndio uliokutia hofu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, na kesho utafungua duka kama kawaida. Kinachokoma ni masasisho ya usalama: tundu likigunduliwa leo halizibwi tena. Kwako hilo ni zito kuliko kwa mtu anayeandika barua nyumbani, kwa sababu wewe unachomeka flashi ya kila anayeingia.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata i5 au i7. HP yako ikiandika i5-6300U, hicho ni kizazi cha sita. Dell yenye i5-4300M ni cha nne. Siku ukirudi Kariakoo kununua nyingine, isome namba hiyo kabla hujaanza kupatana bei, wala usitosheke na jina la modeli lililoandikwa kwenye kava.

Kulazimisha kunawezekana. Ipo programu inayoitwa Rufus inayotengeneza flashi ya Windows 11 isiyokagua vigezo hivyo. Lakini Microsoft haijiwajibishi kuzipa masasisho mashine zilizoingia kwa njia hiyo, kwa hiyo unaweza kujikuta umerudi palepale. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile mafundi wengi wanachokuja nacho kwenye flashi hiyohiyo: programu ya kuidanganya leseni. Ukiambiwa uzime kwanza antivirusi ndipo ifanye kazi, mkatalie. Nyingi hubeba programu za wizi ndani yake, na kwenye mashine hiyo watu wanaandika nywila zao na namba zao za NIDA.

Sasa Linux, mfumo endeshi mwingine unaokaa mahali pa Windows. Usichague mfumo kwa kuangalia mashine wala kwa kusikiliza fundi, mimi nikiwemo. Chukua daftari la mauzo la wiki iliyopita uone kila shilingi iliingia kwa programu ipi.

Maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya Ajira Portal, barua pepe: yote hayo yanafanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome kwenye Linux ni zilezile. Hapo huna unachopoteza.

Photoshop na Publisher haziji kwenye Linux. Ipo GIMP, ni programu nzuri na ni ya bure, lakini mkono uliozoea kukata picha za pasipoti kwa dakika mbili utahitaji wiki kadhaa kuzoea upya, na mteja anayewahi daladala hatakusubiri. Kwa kazi hizo mbili, baki Windows. Ila ujue Microsoft imetangaza kwamba Publisher nayo itaachwa Oktoba 2026. Anza sasa kuhifadhi kila kadi ya harusi na kila ratiba ya msiba kama PDF pembeni ya faili la Publisher, usije ukashindwa kufungua kazi zako mwenyewe.

Kwenye ripoti za wanafunzi ndipo watu wengi huumia baada ya kuhama. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, inafungua faili za Word vizuri, lakini Linux haiji na fonti za Microsoft. Mahali pa Times New Roman inaweka Liberation Serif, na mahali pa Calibri inaweka Carlito. Fonti hizi zimechongwa kwa upana uleule wa herufi, kwa hiyo kurasa nyingi hukaa zilivyokuwa. Visanduku vya maandishi, michoro na orodha ya yaliyomo ya mwanzoni ndivyo vinavyoweza kuhama. Mwanafunzi aliyepewa masharti ya pambizo hawezi kuvumilia hilo, na yuko sahihi. Mwombe alete PDF. Akileta ya Word, ipitie naye ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuprinti.

Virusi vya flashi: fundi wako wa pili hakukosea sana. Vile vinavyoficha faili za mteja na kuacha njia za mkato (shortcut) mahali pake vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Linux, njia ya mkato haina inachoamsha, na faili zilizofichwa kwa kawaida zinaonekana zote. Lakini kirusi bado kimo ndani ya flashi. Usiitoe hapo ukaipeleka kwenye HP.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, nisingehamisha duka zima. Dell iwe ya kupokea flashi, kuprinti na kujaza fomu, kwa Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Naipendelea Mint kwa mtu anayetoka Windows kwa sababu menyu iko chini kushoto alikoizoea, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Ukipenda mwonekano wa Kiswahili, angalia kwenye mipangilio ya lugha kama tafsiri yake inakutosha. Kazi hiyo ya kutafsiri si ngeni hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuileta programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

HP ibaki Windows 10, isiguse flashi ya mteja. Kama leseni yake ni halali, ingia kwenye mipangilio ya masasisho uiandikishe kwenye mpango wa nyongeza ya usalama, unaofika 13 Oktoba 2026. Muda huo utumie kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane.

Kabla ya kufuta chochote, ijaribu Mint ikiwa kwenye flashi. Faili lake linakaribia GB 3, lishushe ukiwa na bando la kutosha, liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, kisha washa Dell huku ukibonyeza F12 na uchague flashi hiyo. Mfumo utafunguka bila kugusa diski. Jaribu printa kwanza. Epson za L mara nyingi hazisumbui. HP LaserJet P1102 itahitaji kijalizo kinachopakuliwa kwa programu ya HPLIP. Ikiwa yako ni Canon LBP2900, iache kwenye laptopu ya HP, maana draiva yake ya Linux (programu inayoiunganisha printa na mfumo) ni ya zamani na inachosha hata mafundi.

Uzito wa Dell, kama bado ina diski ya kuzunguka, hautatibiwa na mfumo wowote. Nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ya GB 240, na hapa kuna faida ya pili: chomoa diski ya zamani ikiwa na Windows yako na faili zako zote, uifunge kwenye mfuko, na Mint iingie kwenye SSD mpya. Iweke Mint betri ikiwa imejaa, umeme usije ukakatika katikati. Baada ya mwezi ukiona kazi haziendi, bisibisi moja na dakika kumi zinakurudisha ulikotoka.