Tui linakatika kwenye mchuzi wa samaki: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Tabata. Nimekulia Tanga na mchuzi wa samaki wa nazi naupika tangu usichana, lakini tangu nihamie kwenye jiko la gesi tui linanikatika karibu kila ninapopika. Mafuta yanaelea juu, chini kunabaki maji yenye vichembe vyeupe. Nakuna nazi mbili, nakamua mara moja kwa vikombe vitatu vya maji, nachuja. Nakaanga kitunguu na nyanya, namimina tui lote, nakamulia ndimu, napanga samaki, kisha nafunika mpaka waive. Jirani anasema nazi za siku hizi ni mbovu. Ni kweli? Na mchuzi ukishakatika unaweza kurudi?

JIBU: Dada yangu, nazi zako hazina kosa, na mkono wako haujapotea. Umebadilisha jiko bila kubadilisha mpangilio wa kupika, basi.

Tui ni maji yaliyobeba vitone vidogo sana vya mafuta. Kinachozuia vitone hivyo visiungane na kuelea ni protini ya nazi yenyewe, ambayo huvizunguka kimoja kimoja. Protini hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni moto: joto likifika kama nyuzi 80 na kuendelea, protini inaanza kuganda, mafuta yanakosa wa kuyashika na yanapanda juu. Wa pili ni uchachu: ndimu, ukwaju, siki, hata nyanya mbichi. Vile vichembe vyeupe unavyoviona ni protini iliyoganda. Kwenye sufuria yako maadui wote wawili wanaingia kwa wakati mmoja, halafu unawafunikia.

Hilo la kufunika nalitilia mkazo. Mkaa ulioshika majivu hutoa joto la taratibu, kwa hiyo huko nyumbani ulikuwa na nafasi ya kuona mchuzi unavyokwenda. Gesi huleta moto papo hapo, tena mwingi katikati, na kama sufuria ni nyembamba, pale chini tui linachemka kwa nguvu wakati pembeni bado limetulia. Mfuniko unazuia joto lisitoke na unakunyima kuona. Ukija kufunua, limeshakatika.

Sasa tuje kwenye kukamua, maana hapo ndipo dawa ilipo. Usikamue mara moja. Nazi zako mbili ziwekee kwanza nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Fikicha machicha kwa vidole mpaka uone weupe mzito unatoka, kamua kwa nguvu, chuja. Hiyo ni kasimele, iweke pembeni kabisa. Kisha rudishia machicha yaleyale vikombe viwili vya maji, kamua tena: hilo ni tui jepesi. Bibi zetu wa pwani walifanya hivi siku zote, na wengi wetu tumeacha kwa sababu ya haraka.

Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya mpaka nyanya zipondeke kabisa na mafuta yaanze kujitenga. Mimina tui jepesi na uliache lichemke. Hili lina mafuta machache, likikatika kidogo halikuharibii kitu. Hapa ndipo pa kutia ukwaju au embe bichi kama unapenda mchuzi wa uchachu. Panga samaki, awe changu au nguru, waive humohumo.

Samaki wakishaiva, punguza gesi mpaka mwali mdogo kabisa, ndipo uingize kasimele. Bila mfuniko. Chukua upawa, teka mchuzi kutoka pembeni na uumimine juu, teka tena, mimina, kwa dakika tatu hadi tano. Kazi ya kuteka na kumimina ni kusambaza joto ili chini pasizidi, na samaki hawavunjiki kama ambavyo wangevunjika kwa kukoroga na mwiko. Macho yako yawe pembeni mwa sufuria: vipovu vidogo na mvuke ni sawa. Ukiona vijiduara vya mafuta vinaanza kung'aa juu, zima hapo hapo, sufuria ina joto la kutosha kumalizia. Ndimu ikamulie baada ya kuepua, au mpake samaki mapema pamoja na chumvi na umchuje kabla ya kupika.

Kuhusu jirani, ana hoja moja: kwa joto la Dar, tui lililokamuliwa asubuhi na kuachwa mezani huanza kuchacha kabla ya jioni, na uchachu huo hulikata hata kwa moto mdogo. Ukinunua nazi iliyokwishakunwa sokoni, uliza imekunwa saa ngapi na uionje. Kamua karibu na muda wa kupika. Ukilazimika kuweka kasimele kwenye friji na ukaikuta imeganda, usiitupe, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Iache irudi taratibu kwanza. Tui la pakiti huvumilia zaidi kwa sababu mengi yake huongezwa vitu vya kulishikilia, ila ladha yake si ile unayoijua wewe mtu wa Tanga.

Na usihamishie woga huu kwenye wali wa nazi, mihogo au ndizi. Wanga wa vyakula hivyo hufanya tui kuwa zito na kushika mafuta, kwa hiyo chemsha tu.

Mchuzi uliokatika haurudi kuwa kama mwanzo, kwa sababu protini iliyoganda haiganduki. Ila ni salama kuliwa na ladha ipo. Kama una wageni, toa samaki, acha mchuzi upoe kidogo, usage kwenye blenda, kisha urudishe kwenye moto mdogo na kijiko kidogo cha unga wa mchele uliokorogwa kwa maji baridi. Koroga mpaka ushikane na unga uive, rudisha samaki, pakua mapema, maana ukikaa sana utaanza kujitenga tena.